Kitunguu cha Mlango wa Tatu

Kwanza niseme kwamba kitunguu chenyewe kilikuwa kimoja tu, tena kidogo, na nilikikaanga karibu kila jioni kwa mwaka mzima. Si kile kile, jamani, kila siku kipya. Lakini kwa kuwa kazi yake ilikuwa moja, ninakikumbuka kama kitunguu kimoja kilichokataa kuisha.

Tulipanga chumba mjini, Pasiansi, mimi na mume wangu, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma hadi darasa la nne, na nimetoka kwetu upande wa Busisi, ng’ambo ya ziwa, na sanduku la bati, ndoo, na mawazo mengi. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba. Msimu ukiwa mzuri tulikula vizuri, msimu ukipungua tulikula alicholeta mama yangu kutoka shamba. Mimi nilikuwa mtu wa furaha hata hivyo. Ningeweza kukaa na kikombe cha chai ya rangi nikajiona niko kwenye meza ile iliyochorwa kwenye kitabu chetu cha shule, yenye kitambaa cheupe na bakuli la matunda katikati.

Nyumba ilikuwa na ua. Mbele alikaa mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kiislamu, baba yake Mwarabu muuza ngozi, mama yake wa Tabora. Nyuma tulikuwa wapangaji, milango mitatu, na kila mlango una mafiga yake uani chini ya paa la bati. Kati ya jiko na jiko kulikuwa na kiambaza cha matete kinachofika kifuani. Mtu akikaa kwenye kigoda haonekani, akisimama anaonekana. Hilo la kukaa na kusimama likumbukwe, maana lilinisaidia sana katika dhambi zangu.

Mwenye nyumba hakutuita kwa majina. Alituita kwa milango. Kila alasiri, akishaswali, alitoka na ungo wake wa mchele, akaketi katikati ya ua, akaanza kuita kama mwalimu anayeita daftari.

“Mlango wa kwanza! Leo nini?”

Mlango wa kwanza alikuwa Mhaya, mke wa fundi cherehani, mwenye mdomo usiochoka. “Ndizi, bibi. Ndizi na maharage.”

“Jana ndizi, juzi ndizi. Huyo mume wako hajaanza kuota mkungu?”

“Akiota mkungu nitamkata nimpike!”

“Mlango wa pili! Leo nini?”

Mlango wa pili alikuwa mwanamke kijana wa kisiwani Ukerewe, mpole, mumewe baharia wa boti za mizigo. “Ugali wa muhogo na furu, bibi.” Furu ni visamaki vidogo vyenye miiba mingi, ambavyo mtu mwenye uwezo alivipita sokoni bila kugeuza shingo. Yeye alivitaja kama anayetaja kuku. “Tena furu wa leo wana mayai.”

“Mlango wa tatu! Bibi harusi! Leo nini?”

Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yangu. Kutaja hakukuwa mchezo tu, kwa sababu kila aliyekisikia chakula chako alikuwa na haki ya kukionja. Kabla jua halijazama vibakuli vilianza kuvuka ua, ndizi zinakwenda huku, furu wanakwenda kule. Na kibakuli cha mtu hakikurudishwa kitupu. Kama huna chakula cha kutia, unatia chumvi, au limau, au nyanya moja, lakini kitu lazima kiwemo.

Siku ya kwanza nilipodanganya ilikuwa Ijumaa, na sikuwa na nia hiyo. Nilikuwa nikiutazama mchele wa mwenye nyumba unavyorushwa kwenye ungo na kuanguka mweupe, na kichwani nilikuwa nimeshaupika, nimeshaupakua, nakula. Aliponiita nilikuwa bado nalamba vidole.

“Pilau, bibi.”

Mke wa fundi cherehani alipiga makofi. “Haa! Watu wa michembe mmehamia kwenye pilau? Kweli Uhuru umekaribia!”

Angejua. Kwenye kapu langu kulikuwa na michembe na si kingine: viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa mpaka vikawa kama vigae, alivyoniletea mama kwa mtu aliyevuka na kivuko cha Kigongo. Ungeniuliza kwetu, ningekuambia hakuna kitu kitamu kama michembe iliyochemshwa ikatiwa karanga za kutwanga. Mjini niliona aibu hata kuitaja.

Sasa pilau imeshatajwa, na pilau ina harufu yake. Nikakimbia dukani, nikanunua kitunguu na bizari kidogo iliyofungwa kwenye kikaratasi. Nikakaa kwenye kigoda changu, chini ya kiambaza, nikakikaanga kitunguu katika kijiko cha samli mpaka kikawa rangi ya udongo, nikanyunyiza bizari. Moshi ukapanda. Uani nikasikia mtu anavuta pumzi na kusema, “Mmh!” Sufuria ya michembe ilikuwa inachemka pembeni yangu kimya kimya.

Mume wangu alikuta kitunguu juu ya chakula chake. “Hiki nacho kimefuata nini kwenye michembe?”

“Kinaleta ladha.”

“Ladha ya nini?”

“Ya mjini.”

Akacheka, akala. Mume wangu ni mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye, na akisahau kuuliza, basi.

Kutoka siku ile sikuacha. Leo pilau, kesho samaki wa nazi, na mara moja nilisema biriani ingawa sikujua biriani ina nini ndani. Vibakuli vyangu havikuvuka ua, na kila siku nilikuwa na kisingizio. Mume wangu kaja na wenzake wawili wa kinuni, wamesafisha sufuria. Leo chumvi imezidi, naona haya kuwapa. Leo imeungua kidogo. Walinisamehe, ndiyo kwanza bibi harusi. Lakini vya kwao nilivila. Ndizi za mlango wa kwanza nilizila, furu wa mlango wa pili niliwafyonza mpaka mifupa ikang’aa, kisha nikarudisha vibakuli na kijiko cha chumvi ndani. Chumvi yangu ilizidi mpaka mke wa fundi cherehani akaniuliza mbele ya watu, “Dada, kwenu ni Busisi au Uvinza kwenye machimbo ya chumvi?” Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuliko wote.

Jioni moja, mwaka ulipokuwa umekwenda nusu na zaidi, mlango wa pili alikuja hodi. Alikuwa mjamzito, tumbo ndiyo limeanza kusukuma kanga. Mume wangu alikuwa ameshakaa mkekani na sinia la michembe mbele yake. Nikatoka mbio, nikasimama mlangoni, nikaujaza mlango kwa mwili wangu.

“Karibu, dada,” nikasema, na sikusogea.

“Dada yangu, naona haya hata kusema. Tangu asubuhi natapika. Samaki sitaki, ugali sitaki. Sasa harufu ya kitunguu chako imenifuata mpaka kitandani. Niwekee tonge moja la pilau. Moja tu, nijaribu.”

Akaninyooshea kibakuli. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja.

Mjamzito akiomba chakula hanyimwi, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Na mimi nilikuwa na chakula. Ningesema tu, dada, pilau sina, nina michembe na kitunguu hiki unachokisikia, karibu. Maneno ni hayo, hayamalizi hata pumzi moja.

“Yaani umechelewa kidogo tu,” nikasema. “Imekwisha. Mume wangu leo alikuwa na njaa ya ajabu.”

Ndani, mume wangu akakohoa. Mlango wa pili akatazama juu ya bega langu, kidogo tu, kama mtu aliyesikia kuku ndani ya nyumba. Sikujua ameona nini na nini hakuona.

“Basi haidhuru,” akasema. “Mwanaume wa kinuni lazima ale.” Na akacheka ili kunisaidia. Akaondoka na kibakuli chake kitupu, mkono mmoja kiunoni.

“Kwa nini hukumpa?” mume wangu akauliza.

“Hataki michembe.”

“Umemuuliza?”

Michembe ile sikuila, na kesho yake alasiri, nilipoitwa, nikasema wali wa nazi.

Uhuru ukaja. Mtu ambaye hakuwa kijana wakati ule sijui kama nitaweza kumweleza. Vibendera vilikuwa kila mahali, hata kwenye mkokoteni wa muuza maji. Wanaume walibishana barazani mpaka wakasahau kula. Mimi kwa siri niliamini kwamba Uhuru ukishaingia nitaacha kudanganya, si kwa kutubu, ila kwa sababu pilau itakuwa kweli. Kila siku itakuwa Ijumaa na michembe itabaki hadithi.

Wiki mbili kabla, mwenye nyumba alitoka na ungo wake lakini hakuita milango.

“Sikilizeni,” akasema. “Siku ya Uhuru ua huu hautapika vyungu vinne. Tutakula pamoja, wanaume na wanawake, mikeka hapa katikati. Mimi nitatoa nyama na mchuzi wa samaki, sato. Mlango wa kwanza ndizi.”

“Na senene, bibi, wakianguka.”

“Na senene, panzi wenu hao, utakula mwenyewe. Mlango wa pili?”

“Mama yangu ataleta mchele wa Ukerewe, bibi. Nimeshamtumia salamu.”

“Mashallah. Na mpishi wa pilau tunaye.” Akanigeukia, na wote wakanigeukia. “Mwaka mzima tunainusa pilau ya mlango wa tatu, kuila hatujaila. Siku ya Uhuru hakuna cha kuungua wala cha wageni wa kinuni.”

“Mumewe siku hiyo tutamfunga kamba!” mke wa fundi cherehani akapiga kelele.

Nilikuwa nimekula pilau mara mbili maishani, zote harusini, na kuipika nilikuwa sijaiona hata kwa mbali. Pale pale ningeweza kusema. Wote walikuwa wanacheka, aibu ingefunikwa na kicheko. Nikasema, “Bila wasiwasi, bibi.”

Mama yake mlango wa pili alikuja na boti siku tatu kabla. Ziwa lilikuwa limechafuka. Aliingia uani amelowa mpaka kifuani, kanga imemganda, lakini mfuko wa mchele alikuwa ameupakata njia nzima kama mtoto, ameufunika kwa kanga yake ya pili.

“Mimi ndiye niliyelowa,” alituambia. “Mchele haukuona hata tone.” Akafungua mfuko, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatuonyesha punje zikiporomoka kavu kati ya vidole vyake. “Huu nimeutwanga mwenyewe. Kuleni mkaikumbuke Ukerewe.”

Kesho yake akarudi kwao, ana kuku na bustani vinamsubiri.

Asubuhi ya Uhuru nilikoka moto mapema. Wanaume walikuwa wameshaondoka kwenda uwanjani kutazama gwaride. Mlango wa pili alisimama upande wa pili wa kiambaza, mikono juu ya matete.

“Dada, nikukatie vitunguu? Mama alinifundisha kupika wali wa watu wengi. Tunaweza kupika wote wawili, hakuna atakayejua nani kafanya nini.”

Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani leo kwamba kila neno alikuwa amelipima. Alikuwa ananifungulia mlango. Mimi nikaona anataka kuchungulia.

“Asante, dada, lakini pilau yangu haitaki macho.”

“Haya,” akasema, na akakaa chini kwenye kigoda chake, asinione.

Kitunguu nilikijua, hapo nilikuwa fundi kuliko wote. Nilikaanga vitunguu vinane katika samli vikawa rangi ya udongo wa kiangazi. Nikatia nyama, nikatia bizari, mdalasini, karafuu, kila kilichokuwa kwenye kifurushi cha mwenye nyumba. Harufu ikapanda mpaka mwenye nyumba akaita kutoka mbele, “Eeh, mlango wa tatu! Hiyo ndiyo yenyewe!” Kwa muda kidogo niliamini. Nilijiona niko na kilemba cheupe, napakulia wageni wa serikali.

Kisha nikafika kwenye mchele, na hapo sikujua kitu. Nilijaza maji kama ya ugali. Nikamimina mchele wote. Yakachemka, yakachemka, mchele ukaanza kuvimba, nikaogopa utashika chini. Mkono wangu haukuwahi kuona sufuria inachemka ukatulia. Ukachukua mwiko, ukasonga.

“Dada.” Sauti ilitoka chini, nyuma ya matete. “Usigeuze. Funika, punguza kuni, weka makaa juu ya kifuniko.”

Nilimsikia vizuri. Nilijua anasema kweli. Na nikasonga tena mara mbili, kwa nguvu, ili asije akadhani amenifundisha.

Wanaume walirudi wamechoka na wana furaha, vibendera vimechomekwa kwenye mifuko ya mashati. Mikeka ikatandikwa. Ndizi zikaja, mchuzi wa sato ukaja, na sufuria yangu ikaletwa na watu wawili. Mwenye nyumba akasema bismillahi, akafunua.

Kilikuwa kitu kimoja. Ukichota upande huu, upande wa pili unafuata. Juu kulikuwa na maji, chini ilikuwa imeungua nyeusi, na harufu ya moshi ikapita harufu ya bizari zote. Kisha mke wa fundi cherehani akainama, akaitazama kwa makini.

“Hii tunaikata kwa kisu, ama?”

Watu wakaguna kwa kicheko. Mwenye nyumba hakucheka. Aliniangalia mimi, na katika macho yake niliona swali linakuja, nikaona mwaka mzima wa pilau unasimama nyuma ya swali lile.

“Si mimi, bibi,” nikasema. “Ni mchele. Mchele uliingia maji ziwani. Nimeuona tangu naupembua, umelowa umeharibika, nikaona haya kusema.”

Macho yakahama kwangu yakaenda kwa mlango wa pili. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, mkono juu ya tumbo. Alinitazama. Nilitazama sufuria.

“Labda,” akasema. “Mawimbi yalikuwa makubwa siku ile. Mnisamehe, wenzangu.”

“Ungesema mapema, mwanangu,” mwenye nyumba akamwambia. “Mchele dukani upo.”

“Ndiyo, bibi.”

Walikula. Siku ile watu wangekula hata mchanga. Waliibandika jina, wakaiita ugali wa Uhuru, wakaikata kweli kwa kisu, wakaichovya kwenye mchuzi wa sato, na wimbo ukaanza na makofi yakaanza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilicheza. Kwa muda wa wimbo mmoja au nyimbo mbili niliona nimeokoka.

Siku chache kabla ya Krismasi mlango wa pili alirudi kwao kujifungua. Mumewe alikuwa safarini, nikajitolea kumbebea mzigo mpaka gatini. Njia nzima tulizungumza habari za jua, za boti, za jina la mtoto. Tulipofika tukakaa juu ya magunia ya watu kungoja. Hapo nikashindwa.

“Dada,” nikasema, “mchele wako ulikuwa mzuri.”

“Najua,” akasema. “Mchele wa mama naujua.”

“Na siku ile ulipokuja na kibakuli…”

“Niliona, dada. Michembe.” Akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. “Hata ile ningekula. Nilikuwa na njaa.”

Watu wakaanza kupanda. Akasimama taratibu, akashika mzigo wake, kisha akauweka tena chini.

“Mimi hayo yamepita. Ila mama hajui. Nikifika tu ataniuliza, je, wenzako waliusifu? Ataniuliza kabla sijaketi. Nimwambie nini?”

Aliuliza kweli, kama mtu anayeomba ushauri. Alisimama akangoja jibu. Nilifungua mdomo, mdomo huu uliopika biriani kwa maneno matupu, na haukutoa kitu. Aliponiona vile akanishika mkono.

“Haya, dada. Baki salama.”

Niliporudi chumbani nilikiona kibakuli chake kwenye rafu, kile cheupe chenye ukingo wa buluu. Juzi yake alikuwa amenitumia furu kwa mara ya mwisho, na sikuwa nimekirudisha.

Alasiri mwenye nyumba akatoka na ungo.

“Mlango wa kwanza! Leo nini?”

“Ndizi, bibi, tutafanyaje.”

Mwenye nyumba akauruka mlango wa pili bila kuuita. “Mlango wa tatu! Leo nini?”

“Michembe, bibi.”

“Nini?”

“Michembe. Na jana ilikuwa michembe. Pilau sijui kuipika, sijawahi kuipika. Mchele wa Ukerewe haukulowa, mimi niliusonga kama ugali. Mwenzangu alikuwa anajua na akanyamaza.”

Nilikuwa nimesimama wakati nasema, ili nionekane. Mwenye nyumba akaweka ungo chini.

“Na ile harufu?”

“Kitunguu, bibi.”

“Mwaka mzima?”

“Mwaka mzima.”

Mke wa fundi cherehani alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, mpaka machozi yakamtoka, anarudia tu, “Kitunguu! Jamani, kitunguu!” Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, sikuwa nimejiandaa kuchekwa, na nikajua ningependa kutukanwa. Mwenye nyumba hakucheka.

“La kitunguu nimekusamehe,” akasema. “Ulinidanganya pua, pua yangu nzee, haidhuru. La mwenzio na la mama yake, msamaha wake hauko hapa uani. Uko Ukerewe.” Akachukua ungo wake. “Na hiyo michembe ikiiva kibakuli changu kije. Usitie chumvi.”

Alipoionja alisema karanga zimepungua. Zilikuwa zimepungua kweli.

Yule baharia, mume wa mlango wa pili, aliporudi na kujiandaa kwenda kumwona mkewe, nilikichukua kile kibakuli cheupe, nikakijaza michembe ya mama yangu, iliyo bora niliyokuwa nayo, nikakifunga kwenye kitambaa. Nikamwomba amwambie mama mkwe wake maneno haya: mchele haukuona hata tone, aliyepika ndiye hakujua, na aliyesingizia ni yeye huyo huyo. Alinitazama. Sijui mkewe alikuwa amemweleza nini.

“Nitasema,” akajibu, akaondoka.

Zilipita wiki tatu. Alirudi na habari ya mtoto wa kike, wazima wote wawili, na akanikabidhi kitambaa kile kile kimefungwa. Ndani kulikuwa na kibakuli, na ndani ya kibakuli mchele, umejaa mpaka ukingoni, mweupe, mkavu.

“Wamesema nini?” nikauliza.

“Wamesema nikupe.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

Nimekaa na jambo hilo mpaka leo. Kibakuli cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kwa mtu aliyekukosea, na wao ni watu wa desturi. Kwa hiyo sijui kama nilisamehewa au nilirudishiwa kibakuli tu. Na kibakuli chenyewe ni chao, wamekirudisha kwangu, kama kwamba zamu bado ni yangu. Mlango wa pili hakurudi Pasiansi. Mumewe alihamia huko huko, na chumba kina watu wengine sasa.

Siku ile kibakuli kilipofika, alasiri niliitwa kama kawaida.

“Mlango wa tatu! Leo nini?”

“Wali, bibi. Mchele wa Ukerewe.”

Niliosha mchele, nikapima maji kwa kidole kama mwenye nyumba alivyonielekeza, nikasubiri yakauke. Sikukaanga kitunguu. Nikafunika, nikapunguza kuni, nikaweka makaa juu ya kifuniko. Mkono wa kulia ukaanza kuutafuta mwiko, nikaukalia mkono ule.